Afande Aliyepiga Hodi Mbotela

Juzi binti yangu aliangusha kifuniko cha sufuria jikoni. Kilizunguka sakafuni kikilia, na kabla hakijatulia mimi nilikuwa tayari mlangoni, mkono kwenye komeo. Naishi mtaa wa Fedha siku hizi, ghorofani, na langoni tuna mlinzi ambaye kazi yake kubwa ni kupiga miayo. Hakuna mtu anayekuja kunitoa nyumbani kwangu. Binti yangu alinitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama yeye akiwa na homa.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini kifuniko kinanitia kiwewe hivyo.

Nilikulia mtaa wa Mbotela, katika zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji, zilizopangwa kwa mistari, bomba la maji katikati na kamba za nguo kila upande. Kwetu vifuniko vilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza unaijua. Ya pili ilikuwa kutangaza polisi. Afande akionekana tu akikata kona kutoka Jogoo Road, wa kwanza kumwona alishika kifuniko na mwiko akagonga. Jirani akapokea, na jirani wa jirani akapokea, hadi mstari mzima ukawa unalia bati. Milango ilifungwa, mapazia yakashushwa, ndoo zikaachwa zikifurika bombani. Akifika, anakuta nguo na kuku.

Mgongaji wetu mkuu alikuwa Mama Njeri, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeuza githeri, mahindi na maharagwe ya sufuria kubwa, na kwa hiyo alikuwa na kifuniko kikubwa kuliko vyote. Hakuwa mtu wa ugomvi. Lakini asubuhi moja polisi walivunja mlango wake kwa mateke wakamtoa mwanawe, Kariuki, fundi viatu ambaye hajawahi kuiba hata kamba ya kiatu. Walikuwa wanamtafuta mtu mwingine. Kariuki aliporudi, sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena. Ukimsalimia alikugeuzia shavu la pili ndipo akuitikie. Hakuna aliyekuja kumwambia pole.

Sisi watoto tulikuwa na hofu yetu ya ziada, tuliyopikiwa na mama zetu wenyewe. Hukumaliza chakula? "Kula, ama nimwite karao." Mimi nimekula sukuma wiki nyingi zaidi maishani kwa kumwogopa polisi kuliko kwa njaa. Mdogo wangu Mutua, ambaye bado alikuwa hajaanza shule, aliamini neno hilo kabisa. Uji ukimshinda, alikuwa anachungulia mlangoni kwanza kabla ya kusukuma kikombe.

Jumamosi moja asubuhi uji ulimshinda. Mama alimtisha kama kawaida, akambeba hivyo hivyo, wakaenda kwenye meza yake ya mboga kando ya barabara. Mimi nilibaki nikifua soksi. Baada ya muda Mama alirudi mbio, kilemba kimefunguka, hana Mutua. Alikuwa amegeuka kumfungia mteja nyanya, na alipogeuka tena mtoto hakuwepo.

"Hajakuja hapa?"

"Hajakuja, Mama."

Sijawahi kuona uso wa mama yangu ukiwa vile. Nilitaka kwenda naye, akanisukuma ndani. "Kaa hapa. Akija, mshike. Na usimfungulie mtu yeyote, Mwende, unanisikia? Mtu yeyote!" Akaondoka mbio kuelekea upande wa pili wa barabara, akimwita Mutua kwa sauti iliyokuwa imeanza kukauka.

Nilifunga komeo nikakaa kitandani. Nilimfikiria Mutua katikati ya magari. Nilimfikiria na kiatu kimoja, maana alikuwa na tabia ya kuvua kiatu cha kulia na kukisahau. Nikaanza kuomba, na sikumbuki niliomba nini, ila nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo sikuyatimiza.

Ndipo vifuniko vikaanza.

Vilianzia mbali, karibu na duka la makaa, vikaja mstari baada ya mstari. Cha Mama Njeri kilipopokea, ukuta wetu ulitetemeka. Milango ikafungwa kwa vishindo. Nikaingia uvunguni.

Vifuniko vikanyamaza vyote kwa pamoja, na katika kimya hicho nikasikia sauti ya mwanamke, mbali kidogo. "Hodi! Hodi hapa! Huyu mtoto ni wa nani?" Viatu vizito vikasogea. "Hodi! Jamani, mtoto wa nani huyu?" Hakuna aliyeitikia. Kwetu hodi haiachwi bila karibu, hata kwa mtu anayekudai, lakini siku hiyo mtaa mzima ulijifanya umehama.

Na chini ya hiyo hodi kulikuwa na kilio. Mtoto alikuwa analia mpaka anakwama pumzi. Nikasikia vijana wa kona wakipiga mbinja. "Oya, karao! Unapeleka wapi huyo mtoi?" Mwingine akadakia, "Wameanza kubeba watoi sasa! Wacha mtoi!" Jiwe likaanguka juu ya bati letu, likaviringika hadi ukingoni. La pili likagonga ukuta, karibu na mlango.

"Hodi!" Sasa sauti ilikuwa mlangoni petu kabisa, na ilikuwa imepanda. "Hodi, tafadhali!"

Mtoto akapata pumzi, akapiga kelele: "Nitamaliza uji! Nitamaliza! Nitamaliza wote!"

Mtaa mzima ulisikia mtoto anayetekwa. Mimi peke yangu nilielewa maneno yale. Mutua alikuwa ameamini kwamba Mama hatimaye ametimiza ahadi yake.

Sikumbuki nilivyotoka uvunguni. Nakumbuka komeo, baridi na zito, na mkono wangu uliokataa kulivuta. Mama alisema mtu yeyote. Nje kulikuwa na polisi, na polisi ndiye aliyemfanya Kariuki ageuze shavu. Nilikuwa nalia kwa sauti. Lakini polisi waliokuja kwa Kariuki hawakupiga hodi, hilo nililijua, tulikuwa tumelisikia kupitia ukutani. Nikavuta komeo.

Alikuwa askari msichana, kofia imekaa upande, mdogo wangu kifuani mwake, kiatu kimoja. Amempa mgongo kila aliyekuwa anarusha mawe, amejikunja juu ya mtoto. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Ni Mutua! Ni Mutua wetu!" Vijana wakasimama. Kariuki mwenyewe alikuwa miongoni mwao, akageuza shavu lake la pili ili asikie vizuri, kisha akanyoosha mkono kuwazuia wenzake.

Askari aliingia kwetu akakaa kwenye kigoda. Aliomba maji. Nilimpa kwa kikombe cha Mutua, na kikombe kilitetemeka mkononi mwake hadi maji yakamwagikia magwanda yake. Nilidhani ana hasira. Nikakaa mbali.

Mama alipofika na kuona magwanda ndani ya nyumba, aliinua mikono juu. "Afande, ni mimi mwenye makosa, waache watoto..." Ilichukua muda kumwelewesha kwamba Mutua ameokotwa tu kwenye mzunguko wa barabara, akiwa anajua jina lake na jina la Mbotela na hana habari zaidi. Kisha Mama alimkumbatia yule askari, akalia begani mwake.

Mama Njeri alikuja akasimama mlangoni, kifuniko bado mkononi.

"Wewe msichana, ulipiga hodi?"

"Nimepiga, mama. Kila mlango."

"Kwangu mlipokuja hamkupiga."

Askari aliweka kikombe chini. "Sikuwepo siku hiyo, mama. Lakini nilisikia. Pole. Pole sana."

Mama Njeri aliangalia kifuniko chake, akaenda zake. Baadaye alimleta Kariuki, akamwambia askari, "Hiyo pole mwambie mwenyewe. Simama upande huu, ndiyo akusikie."

Nisikudanganye kwamba Mbotela ikawa rafiki wa polisi. Vifuniko viliendelea kulia, na mara nyingi vilikuwa na haki ya kulia. Lakini yule mmoja, ambaye tulimwita Afande Hodi, alipita bila kugongewa. Alikuja mikutano ya ukumbini akatukanwa, akarudi tena. Ng'ombe wa maziwa wa mzee mmoja alipoibwa, na msichana wa mstari wa nyuma alipopigwa na mumewe, watu walimtafuta yeye kwa jina. Mama Njeri alimkaangia githeri, akimnunia, lakini sahani ilikuwa imejaa.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshazaa, nilipomwelewa yule mwanamke wa kwenye kigoda. Usiku mmoja mtoto wangu alipokuwa mgonjwa nilimbeba nikiwa natetemeka, na kikombe cha maji kikacheza mkononi mwangu vilevile, nikakumbuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa msichana peke yake, na mtoto wa mtu mikononi, akisikia mtaa mzima ukimgongea bati bila mlango hata mmoja kufunguka. Miaka yote nilidhani ile hodi ya mwisho ilikuwa ya kumrudisha Mutua. Alikuwa pia anaomba kuingia. Alikuwa anatuogopa sisi, kama nilivyomwogopa yeye, na kati yetu kulikuwa na komeo moja.

Binti yangu anakula polepole mno, anaweza kukaa na kikombe kimoja cha uji asubuhi nzima. Ile sentensi ya mama zetu hunijia mdomoni, nzima nzima. Huwa naimeza, nakaa chini karibu naye, namwambia tu kwamba uji unapoa.