Misumari ya Mama Masaji

Mama wa masaji hakuulizi unaumwa wapi mpaka uvue shati, kwa sababu anataka kwanza kuona unavyolivua. Mikono yake ni mipana na ina joto, na ikiwa kazini mdomo nao haupumziki: "Legeza bega, baba, hakuna anayekuibia." Muuza mafuta ya kukandia, anayemletea madumu, alimjua kwa ugumu wake wa bei na akamheshimu kwa hilo. Siku moja bega la kulia la muuzaji huyo lilikuwa limemgomea, naye alilificha, maana nani atamtaka mchuuzi asiyeweza kubeba mzigo? Wakavutana bei mpaka muuzaji akasalimu amri. Ndipo mama akasema, "Haya, biashara imeisha. Kaa hapo, shemeji. Tangu lini dumu unalibeba kwa kushoto?"

Alipomaliza kumkanda alimsogeza ukutani, kwenye misumari iliyopanda kutoka kiunoni hadi juu ya kichwa. "Nilipoanguka ngazini, enzi zile nikifua nguo za watu, mkono huu haukufika popote," alisema. "Nikawa natundika taulo kwenye huu wa chini. Mkono ukizoea, napigilia mwingine juu yake. Nilipofika ule wa juu, nikakigeuza chumba changu hiki kuwa cha masaji." Akampa shati lake alilolivua. Muuza mafuta akaukodolea macho msumari wa katikati.

"Wee! Hapa hatupatani bei. Anza na wa chini."

Akalitundika, kwa mkono wa kulia.