Santuri Ndani ya Jalada la Kwaya

Arzula Gaines alikuwa mtakatifu siku sita za wiki, na hiyo ya saba nadhani hata Mungu hakumdai. Kila Ijumaa jioni, akitoka kazini kwenye udobi wa hoteli, alivua viatu, akafunga mapazia, akatoa jalada la santuri lenye picha ya kwaya ya kina mama waliovaa majoho. Ndani ya jalada hilo akamchomoa Slim Doby.

Slim Doby! Upande wetu wa kusini mwa Chicago, ukilitaja jina hilo mbele ya mchungaji umejipeleka mwenyewe kwenye benchi la toba. Kabla yake, mchekeshaji wetu sisi weusi ilibidi avae suruali ya jitu, ajipake masizi na kutoa macho ndipo alipwe. Doby akatoka na suti iliyopigwa pasi, mkono mmoja mfukoni, akaanza kusimulia jiko la mama yake kwa maneno yale yale tunayotaniana nayo kibarazani. Basi, watu mbavu hawana. Hakuna nyumba ambayo haikuwa na santuri yake, na hakuna nyumba iliyokiri. Watoto wakishalazwa, wakubwa wanacheza karata huku Doby anaropoka kwenye gramafoni, na watoto nao wamelala kifudifudi, sikio kwenye tundu la sakafuni linalopitisha joto, na sauti pia. Wachekeshaji wa mtaani kwetu waliomfuata wote walisomea sakafuni pale, ndiyo maana hawajui kusimama bila kutia mkono mfukoni.

Lakini Arzula hakuitunza santuri ile kwa ajili ya Doby. Ilirekodiwa klabuni, mbele ya watu, na siku hiyo meza ya mbele alikaa yeye na mumewe Cleotis. Upande wa pili, baada ya kisa cha shingo ya kuku, kicheko cha Cleotis kinasikika kuliko vyote. Kinaanza na mluzi kama wa birika, kinakatika kana kwamba mtu amekata roho, kisha meza inapigwa kofi na sauti inalia, "Muongo wewe! Huyo ni dada yangu!" Cleotis alianguka mlangoni akizoa theluji, akafa. Moyo. Picha zake zilijaa sebuleni, lakini sauti yake ilibaki hapo tu, na kila Ijumaa Arzula aliijibu kama alivyoijibu klabuni: "Cleotis, punguza sauti."

Sasa wifi. Hattie, dada mkubwa wa Cleotis, alimlea mdogo wake baada ya mama yao kufa, na akamlea kwa Biblia na mwiko. Alikuwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni kanisani, na klabu kwake ilikuwa sebule ya shetani. Arzula hakuwahi kumwambia habari za santuri. Kwanza Cleotis alimwapisha. Pili, alimjua wifi yake: angeivunja kwanza, maswali baadaye.

Ikafika sikukuu ya mchungaji. Baada ya ibada, kanisa zima likashuka chini ukumbini kula. Kuku wa kukaanga, mboga zilizochemshwa na mguu wa nguruwe, pai za viazi vitamu, jamani! Kwaya ya wageni iliyoalikwa kuimba ikakwama njiani, basi lao bovu. Hattie akasimama mbele, kando ya gramafoni ya kanisa, uso umejaa ushindi.

"Msihangaike, wapendwa. Nilipita asubuhi kwa wifi yangu na ufunguo wangu. Anayo santuri ya kwaya ya kina mama, nimeichukua."

Arzula alikuwa zamu mlangoni. Na wahudumu wetu hawasemi: glavu nyeupe, mkono mmoja mgongoni, mambo yote kwa ishara, na mlango hauachwi hata kuwe na moto. Aliona jalada lake mkononi mwa Hattie. Akainua kiganja. Akakizungusha. Akajishika shingo. Nesi wa kanisa akaja mbio na pepeo na glasi ya maji.

"Si mimi!" Arzula akanong'ona. "Ile santuri!"

"Pumua, dada. Roho ameshuka."

Sindano ikashuka pia, na ikashukia upande wa pili.

"Nyumbani kwetu," Doby akaanza, "mchungaji akialikwa Jumapili, kuku wanaanza kuagana Jumamosi."

Mchungaji Weatherspoon, mtu wa kilo zake, alikuwa na paja la pili mdomoni. Hakulitoa wala hakulitafuna.

"Anakula mapaja yote, huyo! Sisi watoto mama, mwiko mkononi, anatugawia shingo. Mimi nilikuwa jeshini, na ndevu zangu, ndipo nikajua kuku ana mapaj—"

Hattie akaikwapua sindano. Kwaaa! Akaishika santuri kwa mikono miwili.

"Uchafu! Kwenye jalada la watakatifu! Arzula, mdogo wangu hajaoza kaburini, wewe unajifungia na huyu mpumbavu?" Akaiweka gotini aivunje.

Arzula akauacha mlango. Miaka yote ile hakuwahi kuuacha.

"Wifi, usiivunje! Cleotis yumo humo!"

"Umechanganyikiwa?"

"Yumo, Hattie! Sauti yake. Sina nyingine. Vunja mguu wangu ukitaka, hiyo niachie."

Hattie alimtazama. Goti lilibaki juu, santuri imeanza kupinda. Arzula akaichukua taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akairudisha kwenye gramafoni. Sindano ikakwaruza, ikapata njia.

"...ndipo nikajua kuku ana mapaja!"

Watu wa klabu wakaangua. Na juu yao wote, mluzi wa birika. Kimya. Kofi mezani.

"Muongo wewe! Huyo ni dada yangu!"

Shemasi mmoja aliyefanya kazi kiwanda kimoja na Cleotis akaangusha uma. "Mungu wangu. Ni yeye."

Arzula akainyanyua sindano. Hattie alikaa kwenye kiti ambacho hakukitafuta.

"Mshenzi," akasema. "Mshenzi kabisa! Aliniambia yuko zamu ya usiku. Nikamfungia chakula!"

"Tulikula njiani," Arzula akasema. "Ilikuwa shingo, wifi."

Hattie akapiga meza kofi. Kicheko kilichomtoka kilianza na mluzi, kikakatika, tukadhani amekufa. Kumbe ni cha ukoo. Machozi yakamwagika mpaka kwenye glavu, na Arzula akacheka na kulia naye, na ukumbi mzima nyuma yao. Mchungaji Weatherspoon akalitoa paja mdomoni, akalitazama kwa huruma, akaamua kulimaliza.

"Rudisha," Hattie akasema akijifuta. "Pale pa shingo."

Arzula akarudisha. Na mluzi ulipoanza, mazoea yakamshinda.

"Cleotis, punguza sauti."

"Koma wewe," Hattie akasema. "Ongeza."