Anayetangulia Chini ya Dari

Watu wa gatini walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia wageni kabla hawajaketi kwenye kayaki, wakati wanaketi, na hata baada ya kuketi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mabega mapana na miguu myembamba, kama mtu aliyeungwa kwa vipande vya watu wawili. Aliongoza wageni ziwani katika kampuni ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji huyo alikuwa na banda moja la mabati, kayaki za plastiki za kila rangi, na sauti ya kutosha mabanda matatu.

Ziwa ni la maji baridi, tena maangavu. Mgeni akidondosha funguo huziona zikishuka hadi chini, huzitazama zimelala pale, na hazipati ng'o. Ng'ambo ya gati zimesimama kuta za mawe ya mchanga, ndefu kama majengo ya ghorofa, zenye mistari myekundu na ya manjano. Wageni huja kwa ajili ya kuta hizo, na katika kuta zote wanapataka mahali pamoja, pale ambapo maji yameula mwamba kwa chini na kuuacha umening'inia kama dari ya sebule. Waongozaji nao wanapaita hivyo hivyo, dari.

Mlango wake ni mwembamba, wa kayaki moja moja. Ndani kila chombo kinaweza kugeuka pale kilipo, lakini viwili haviwezi kupishana. Kwa hiyo anayetangulia kuingia ndiye anayetoka mwisho, na wa mwisho kuingia hutoka kwanza. Mkiwa tayari mmejipanga, mwongozaji huchota maji kwa kasia na kuurushia ukuta. Jiwe likilowa rangi zake zinawaka, na simu zote zinainuliwa. Taratibu alikuwa ameurushia ukuta ule maji karibu maisha yake yote ya kazi, na binti yake alijifunza kwake.

Binti huyo ndiye mtoto wake pekee. Alikuwa mwepesi wa mkono na wa mdomo, na wenzake walimwita Chapuchapu, wakisema baba asiachwe mpweke kwenye mambo ya majina.

Taratibu alianza kuogopa asubuhi moja ambayo ziwa lilikuwa limetulia kama kioo. Akiwa chini ya dari alitazama kilindini, ambako kila jiwe limevaa koti la ukoga wa kijani. Aliona matatu yasiyo na koti. Yalikuwa safi, yana rangi ya mkate uliokatwa sasa hivi. Baada ya siku chache yakaongezeka. Kisha akaanza kukuta mchanga juu ya kayaki yake, mchanga mkavu, siku ambazo hakuna aliyekanyaga ufukwe.

"Shemeji, mawe yanaanguka kule," alisema bandani.

Shemeji alikuwa anakaza skrubu za kiti. "Mawe kazi yao ni hiyo. Ungeniambia yanapanda, hapo ningeshtuka."

"Sitanii."

"Najua hutanii. Wewe hata chai iliyopoa unaipuliza."

Vijana wa bandani walicheka, na Chapuchapu akacheka pia.

Kesho yake alipewa kundi la wafanyakazi wa ofisi moja, yeye mbele, bintiye nyuma. Walipofika kwenye dari, Taratibu aliilaza kayaki yake kwa ubavu mlangoni, ncha moja ikigusa ukuta huu na nyingine ukuta ule.

"Leo hatuingii," alisema.

"Sisi tumekuja kwa ajili ya humu," mgeni mmoja alisema, na wengine wakaanza kunung'unika.

Chapuchapu alipenya katikati yao hadi akamfikia. "Baba, sogea," alisema kwa sauti ya chini.

"Sisogei."

"Unanitia aibu mbele za watu."

"Aibu inapona."

Walikaa hivyo kwa muda, mwamba juu yao ukiwa kimya, hata punje moja haikudondoka. Kisha wakarudi gatini. Jioni hiyo shemeji alimkabidhi Taratibu ndoo, sabuni na rundo la majaketi ya kujiokolea. Kazi yake sasa ilikuwa bandani. Wa kutangulia atakuwa binti.

Chapuchapu alitangulia, tena kila siku, na mle ndani alikaa muda mrefu kuliko mwongozaji yeyote aliyemtangulia. Aliwaambia wageni wanyamaze wasikilize maji yakidondoka. Taratibu hakuhitaji kuelezwa sababu. Mtoto alikuwa wake, na ukaidi ule aliujua ulikotoka. Alifua majaketi huku sikio limeelekea ziwani, akingoja mshindo. Kilichokuja, kila mchana, ni vicheko vya watu wanaorudi.

"Taratibu, tuhesabu," kijana mmoja humwambia akivuta kayaki nchi kavu. "Kila mtu amerudi na kichwa chake."

Naye alijibu kwa kugeuza jaketi na kuendelea kusugua. Kila siku iliyopita salama ilimfanya aonekane mwongo zaidi.

Jioni moja mkewe alimtazama wakati wa kula, akaweka kijiko chini. "Unataka liporomoke," alisema.

"Mimi? Mtoto wangu anaingia mle."

"Ndiyo maana nasema. Leo ameingia hapa mzima, anacheka. Wewe ukanuna."

Mkewe aliondoa sahani, na Taratibu alibaki mezani na jambo lile kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu chake mwenyewe. Ilikuwa kweli. Kuna mahali ndani yake palipokuwa pakingoja mwamba umpe haki, na mwamba ungeweza kufanya hivyo kwa njia moja tu. Bintiye naye alikuwa akiingia mle kumwonyesha kwamba amekosea. Siku zote hizo walikuwa wanavutana, na kamba yao ilikuwa inapita chini ya jiwe.

Asubuhi aliamua kuiachia kamba, akasimama mlangoni mwa banda, watu wote wakiwepo. "Lile jambo la dari," alisema, "nilikosea. Uzee umeniingia machoni. Mwamba hauna neno."

Shemeji alimpiga bega kwa furaha ya kweli. "Sasa umerudi. Chukua kasia, leo utakaa nyuma."

Chapuchapu hakucheka. Alimwangalia baba yake, akainama kufunga jaketi lake, na kamba ile ile akaifunga mara mbili.

Walitoka na wageni wanne. Alikuwepo mwanamume wa kayaki ya buluu, mtu na mkewe kwenye kayaki ndefu ya rangi ya machungwa, na mama mmoja wa makamo kwenye ya kijani. Njia nzima Taratibu alitazama mgongo wa binti yake. Mlangoni pa dari msichana aliinamisha kichwa, akaingia. Wageni wakafuata. Taratibu alipopita kivulini ubaridi ulimshika shingoni, na harufu ya jiwe bichi ikampanda puani.

Wageni walitoa simu. Chapuchapu aliinua kasia kuurushia ukuta maji, mkono ukasimama hewani. Leo hakuwa na wa kushindana naye, akapata nafasi ya kutazama. Alitazama juu, kisha akatazama chini.

"Baba," aliita juu ya vichwa vya wageni, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya. "Haya mawe ni ya lini?"

"Mimi sijaja huku siku nyingi. Wewe ndiye uliyekuwa hapa jana."

Chapuchapu aliinama ukingoni mwa kayaki. "Jana hayakuwepo."

Kitu chepesi kilidondoka juu ya plastiki, mahali fulani, kwa sauti kama ya punje za mchele kwenye ungo. Mgeni wa buluu alipangusa bega lake bila kutazama.

"Jamani, mwanga umeharibika," Chapuchapu alisema. "Kila mtu ageuke pale alipo. Baba, toa watu."

Hapo Taratibu alielewa alichojitakia. Wa kwanza kutoka ni yeye. Akibaki, mlango umezibwa. Ili bintiye atoke, ilimbidi amwache.

"Taratibu," aliwaambia wageni, akageuka, akatoka juani.

Alisogea umbali wa kuwapa njia, akakaa akiutazama mlango. Buluu ikatoka. Ya machungwa ikatoka, mume akilalamika kwamba picha hazijakamilika. Ya kijani ikachelewa. Alisikia kasia likigonga mwamba, tena likagonga, na pumzi za mtu anayehangaika.

"Mama, acha kupiga," sauti ya Chapuchapu ilisema ndani, tulivu kabisa. "Weka kasia magotini. Nakusukuma mimi."

Ncha ya kijani ilijitokeza, ikakwaruza ukuta, ikanasuka. Mama yule alitoka amekumbatia kasia kama mtoto. Nyuma yake mlango ulibaki mtupu na mweusi. Taratibu aligundua kwamba hapigi kasia na bado anasogea, kwamba mikono yake mitupu inayapiga maji kurudi kule.

Kisha binti yake akatoka, vumbi la manjano limemlalia nyweleni.

Alimpita baba yake bila kusimama. "Usiseme kitu."

"Sijasema."

"Mjomba nitamwambia mimi."

"Tutamwambia wote. Hatanisikia mimi, hatakusikia wewe, labda wawili."

Alipunguza mwendo mpaka wakawa ubavu kwa ubavu, wageni wakiwa mbele yao. Taratibu aligeuka mara moja tu. Dari ilikuwa bado imesimama, jua limeujaza mlango wake, maji yametulia. Hapakuwa na alama yoyote ya kumwambia mtu mwingine asiingie.