Kaseti Iliyomshinda Mbio Muzee Paluku

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata kanisani najikuta nacheka peke yangu, na watu wa benchi la nyuma wanadhani uzee umenipanda kichwani. Ni wewe umenikumbusha. Umekuja hapa asubuhi na kisanduku chako kipya, umekifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, ukanieleza kwamba kazi yake ni kuifanya sauti ya kompyuta isikike kama imetoka kwenye kaseti ya zamani: iwe nzito kidogo, ivume kidogo, iyumbe kidogo. Ukasema mashine kubwa za utepe ni ghali mno, ila hiki hata kijana wa mtaa wa Ndosho mwenye studio chumbani kwa mama yake anakiweza. Chai ilinipalia. Sisi tulimaliza ujana wetu tukipigana na mvumo huo, leo ninyi mnaununua dukani. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Lakini swali lako lilikuwa zuri. Uliniuliza: hiki kitufe, papa, nikizungushe mpaka wapi? Basi kaa, nikujibu kwa njia ndefu, maana jibu fupi utalisahau kabla hujapata moto, yaani pikipiki, wa kukurudisha nyumbani.

Nilikuwa kijana wa mtaa wa Majengo, nina radio kaseti ya milango miwili na mikro moja ya kunasia sauti iliyofungwa kwa raba, na watu wakaniita fundi. Ulikuwa wakati wa uasi. Usiniulize ni uasi upi, tulikuwa nao wengi na tulishaacha kuwapa majina. Wenye bunduki walibadilika, bendera zikabadilika, betri za radio ndizo hazikubadilika, kwa sababu hazikupatikana. Tulizianika juu ya mabati zipate jua, tukazing'ata kwa meno, tukaziomba kwa maneno mazuri. Umeme nao ulikuwa unakuja kama mgeni wa mjini, anachungulia mlangoni halafu ana haraka.

Katika hali hiyo akanijia Muzee Paluku, kiongozi wa kwaya ya parokia yetu. Alikuwa Munande wa Butembo, muuza mbao, mtu mpana, na sauti yake ya chini ilikuwa nzito hata madirisha ya kanisa yalikuwa yanaitikia kabla ya waumini. Alitaka nirekodi wimbo mmoja wa kwaya yake, wimbo wa polepole wa kumshukuru Mungu kwa kutuamsha salama. Nikarekodi, na betri zangu za kuanikwa zikawa zinakata roho kadiri wimbo unavyoendelea.

Sasa sikiliza ufundi kidogo, ni mwepesi. Betri zikichoka, kaseti inazunguka polepole. Ukirekodi polepole halafu ukacheza kwenye radio yenye betri nzima, kila kitu kinakimbia na kupanda juu. Ndivyo ilivyokuwa. Tulipoicheza kwa jirani mwenye betri mpya, wimbo wa polepole ulitoka unacheza dansi, na Muzee Paluku wetu akatoka na sauti ya kijana wa sekondari anayetafuta mchumba.

Nilimweleza sababu. Nikamwomba turudie siku nitakapopata betri. Akakataa katakata, kwa sababu watu waliokuwa pale walishaanza kupiga makofi na kuuliza huyu mwimbaji mtamu ni nani. Alisema Mungu amemrudishia ujana wake, mimi nani nimpokonye. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Halafu mlima wetu wa volkano ukapasuka. Hilo sitakusimulia kwa urefu, utalisikia kwa wengine wanaolia vizuri kuliko mimi. Moto ulishuka ukapita katikati ya mji, nasi tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakashika njia ya Sake, kila mtu na alichoweza kubeba. Kuna aliyebeba godoro, kuna aliyebeba mlango wa nyumba, na kuna mama mmoja aliyebeba ile kaseti bila kujua, ilikuwa ndani ya sufuria. Huko tulikolala madarasani ikachezwa. Ikanakiliwa. Nakala ikanakiliwa, ikaongeza mvumo juu ya mvumo, na watu waliopoteza kila kitu wakaamka kila asubuhi kwa wimbo ule wa mbio wa kushukuru. Niliona watu wakicheka huku majivu yamewajaa nyusi. Sitaisema vibaya kaseti ile, ilitufaa.

Taabu ilianza tuliporudi na kujenga upya juu ya mawe meusi. Kwaya ilialikwa harusini. Ikaimba kama ilivyozoea, chini, taratibu. Watu wakatazamana. Shangazi wa bibi harusi akasema wazi kwamba hawa sio wale wa kaseti, ni wengine wamejipachika jina ili wale nyama. Nyama tulipewa, lakini ile ya shingo.

Muzee Paluku hakulala. Kesho yake akaitangazia kwaya kwamba tangu siku hiyo wataimba kama kaseti. Unanielewa, mwanangu? Watu wazima, wenye wimbo wao wenyewe, wakaanza kujiiga, na si kujiiga wao bali kuiga betri zangu zilizochoka. Walifanya mazoezi nyuma ya kanisa mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Wanaume wa sauti ya chini walipanda, wakafika walikopaswa kukuta wanawake, na wanawake wakahamia mahali ambapo mbwa wa mtaa wote walikuwa wanaitikia. Muzee mwenyewe akaanza kuishi kwa tangawizi na asali. Aigaye tembo hupasuka msamba, na hapa tembo hakuwapo hata huyo mmoja.

Mimi nilikuwa nayatazama hayo yote na sikusema neno, kwa sababu nilikuwa na shida yangu. Nilikuwa nampenda Kavira, binti yake. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau kula, mimi ambaye sahani ya sombe ya mtu haijawahi kunipita. Naye alinipenda, sijui kwa nini, meno yangu yalikuwa hivi hivi. Baba yake hakutaka kusikia. Alikuwa anaona mtu anayekaa na nyaya mchana kutwa hana kazi.

Miaka ikapita, nikapata kompyuta, nikafungua studio kwenye chumba cha mbao, magodoro ukutani kama yako. Uasi mwingine nao ukaja, na barabara ya Rutshuru, ile ya kwenda Butembo, ikafungwa, na hata hapo Muzee akanijia na sharti lake. Alitaka wimbo ule urekodiwe upya kwa mashine yangu ya kisasa, lakini utoke na sauti ileile ya kaseti, ujana uleule, utamu uleule. Nikifaulu, nije na wajomba zangu nyumbani kwake kuposa. Nikishindwa, nibaki na nyaya zangu.

Basi nilirekodi kwaya kwenye kompyuta, kisha nikaupitisha wimbo kwenye radio kaseti yangu ya zamani na kuurudisha tena. Hicho ndicho kisanduku chako, mwanangu, ila changu kilikuwa na mende ndani. Mara ya kwanza sauti iliiva vizuri, kama maharage yaliyopata muda wake. Ningeacha hapo. Lakini nilimfikiria Kavira, nikaongeza nguvu mpaka mshale wa kupimia sauti ukalala kwenye wekundu. Nikarudia kuipitisha. Nikatafuta betri iliyochoka kwa kurekodi na nzima kwa kucheza, ili Muzee apate mbio zake. Nilipomaliza, maharage yalikuwa yameungua, nami nikajipongeza kwamba yana moshi wa asili.

Siku ya kupiga hodi ikafika. Barabara ilikuwa imefunguliwa kidogo, na mama yake Muzee Paluku alikuwa ameshuka kutoka Butembo kuja kuona nani anamtaka mjukuu wake. Alikuwa mzee sana, macho yake hayakuona tena, na kwa miaka ya vita hakuwa amemsikia mwanawe akiimba. Walimketisha katikati, mikono juu ya fimbo. Mimi nikaketishwa kwenye kona, kimya. Unajua desturi yetu: siku hiyo kijana hafungui mdomo, msemaji wake ndiye anayesema yote. Msemaji wangu alikuwa mjomba wangu, muuza mbuzi wa Masisi, mtu mwenye maneno matamu sana na asiyejua tofauti ya kaseti na sabuni.

Kaseti ikawekwa. Wimbo ukalia, unakimbia, unavuma, unanguruma. Muzee Paluku akafumba macho kwa furaha. Wageni wakaanza kutikisa vichwa. Kisha koko, yaani yule bibi, akagonga fimbo chini.

Akauliza ni nani anayeimba. Wakamwambia ni Paluku, mwanawe. Akasikiliza tena, amekunja uso.

"Huyu haiko mutoto wangu," akasema. "Mutoto wangu naijua sauti yake toka tumboni. Huyu ni nani mumeniletea?"

Muzee Paluku akafumbua macho. Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu zuri lenye betri na mishale, na desturi imenifunga kinywa. Nikamtazama mjomba. Mjomba akakohoa, akasimama, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba kijana wetu ni fundi, na katika ufundi wake ameitia sauti ya muzee joto. Bibi akauliza joto gani, huyu kijana anamuchoma mutoto wake? Mjomba, Mungu amrehemu, akajibu kwamba ni kuchoma kidogo tu, kama mahindi.

Nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni bila hata kuaga. Muzee alikuwa amekaa mikono magotini, mdomo wazi, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Ni jambo zito mama yako kukukana mbele ya wageni, hata ukiwa na mvi. Wimbo uliendelea kukimbia peke yake, tukausikiliza wote kwa aibu.

Kavira ndiye aliyesimama. Alikuwa ameleta vinywaji, akaweka sinia chini, akaenda kwenye radio, akaigeuza kaseti upande wa pili. Upande huo nilikuwa nimejaribia mashine asubuhi ya kurekodi, kabla kazi haijaanza. Betri nzima, mshale mahali pake, imepita mara moja tu. Muzee alikuwa anapasha koo akisubiri wenzake, hajui kama nimefungua mikro, anaimba wimbo wake chini kabisa, taratibu, kwa ajili yake mwenyewe. Katikati anakohoa. Mimi nilitaka kuufuta, na Kavira ndiye aliyenikataza.

Koko aliinamisha sikio upande wa radio mpaka wimbo ulipofika kwenye kikohozi. Hapo akacheka, na machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona.

"Huyu sasa ni Paluku," akasema. "Hicho kikohozi bado hakijamuacha?"

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Muzee Paluku alitoka kwenye kiti chake, akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake, mtu mpana vile, akaweka kichwa mapajani mwake. Alikaa hapo mpaka upande ule ulipoisha. Kisha akasema polepole, si kwa ajili yetu, akasema amekimbia miaka yote hii nyuma ya mutu ambaye hakuwahi kuwapo.

Nilijua sasa nitafukuzwa. Lakini bibi akauliza upande huu wa pili ni kazi ya nani. Mjomba, ambaye hakujua na hakutaka kukosea tena, akanyoosha kidole kwangu. Bibi akafikiri.

"Basi kazi anaijua," akasema. "Kuzidisha ndiyo kunamushinda. Mumupe Kavira, huyu ataponea kwake."

Nami nimeponea kwake mpaka leo. Ni yeye aliyekupikia hiyo chai uliyoiacha ipoe.

Kwaya ilirudi chini siku ya Jumapili iliyofuata. Kuna waliolalamika kwamba wimbo umezeeka, wakazoea. Muzee Paluku aliimba kwa sauti yake miaka mingine mingi, na alipotutoka ilikuwa ni upande ule wa pili tuliocheza matangani. Kilipofika kikohozi, Majengo nzima ililia.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuambia, mwanangu, na ulishike. Kisanduku chako si kibaya. Sauti ya kompyuta wakati mwingine ni kavu kama muhogo wa jana, inahitaji mchuzi. Zungusha kitufe mpaka usikie mabadiliko, kisha rudi nyuma kidogo, maana sikio lako mwenyewe linapenda kusifiwa. Usipige mbio za mtu mwingine, haraka haraka haina baraka, hata kwenye wimbo. Na watu wakikusifu kwa kosa lako, shukuru, ule nyama, lakini usijenge nyumba juu yake. Halafu kabla hujaupeleka wimbo wa mtu sokoni, mtafute anayempenda mtu huyo, mama yake, mkewe, hata jirani anayemdai, umchezee bila kumwambia ni nani. Akimtaja jina, toa mkono kwenye mashine. Asipomtaja, umetengeneza mtu mwingine, na yule wa kwanza umempoteza wewe.

Sasa inama nikuwekee mkono. Mungu akupe umeme usiochungulia na kuondoka. Akupe jirani ambaye hapigi misumari wakati unarekodi, na mlima uendelee kulala, na wenye bunduki wapite mbali na mlango wako. Kazi ya mikono yako iwafikie watu ikiwa na uso wake. Na utakapokuwa mzee kama mimi, macho yote yamechoka kukutazama, Mungu akubakizie mtu mmoja, mmoja tu, atakayekusikia ukikohoa gizani na kusema: huyu ni wangu.