Ubeti wa Pili wa Sabina

Mzee Yakobo alifundisha jiografia miaka thelathini na minne, akastaafu, akaunda mashua. Wastaafu wenzake mjini Morogoro walifuga kuku. Yeye alishona tanga la mifuko ya mbolea, akawa anazunguka bwawa la Mindu, juu ya maji ambayo sisi wengine huyaona bombani siku yakijisikia.

Upepo ukikaa vizuri aliimba. Wimbo ulikuwa mmoja tu, wa Kiluguru, aliokuwa akiuimba mama yake kule Kinole siku padri alipobariki mbegu na kijiji kizima kikamfuata mashambani. Ubeti wa kwanza aliujua wote. Wa pili aliufikisha nusu, kisha kimya. Mama alishazikwa, dada zake pia.

"Nikifa sijaupata," aliniambia, "nitaanzaje kumsalimia mama?"

Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili sikuona ubaya wa kuishia nusu.

Jumapili moja ya Novemba, mimi nikiwa naye mashuani, tulizunguka matete, tukakuta maandamano ya kubariki mbegu ufukweni: msalaba mbele, padri, akina mama na nyungo za mahindi ya mbegu, na bodaboda iliyobeba spika, kinanda kinalia kuamsha mashetani. Bodaboda ikaingia shimoni, spika ikazimika. Ndipo tukamsikia bibi mmoja wa nyuma kabisa, anaimba wake. Ule ule wa Yakobo.

"Geuza," akasema Yakobo.

Mashua haina breki, na upepo ulikuwa unatupeleka ng'ambo. Mwalimu aliyefundisha pepo za dunia nzima akajitosa na viatu. Maji yakamfika kiunoni. Nikaangusha tanga, nikamfuata nikikokota mashua kwa kamba.

"Shikamoo, mama. Huo ubeti wa pili..."

"Marahaba. Wewe wa nani, unaibuka kama mamba?"

"Wa Sabina, wa Kinole."

Bibi akacheka mpaka mbegu zikamwagika. "Sabina? Tulisimama safu moja miaka yote. Ubeti wa pili hakuwahi kuujua wote yule. Akifika katikati anatafuna tu, mm-mm-mm, na kichwa anakitikisa kama askofu."

Yakobo alisimama, suruali ikichuruzika. Kwa muda alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa upya.

"Nikufundishe maneno yenyewe, mwanangu?"

Akakamua pindo la suruali.

"Hapana, mama. Asante."

Akaingia mstarini. Ubeti wa pili ulipofika katikati, bibi aliimba maneno sahihi. Yeye, kwa sauti kubwa kumzidi, akatafuna, na kichwa akakitikisa.