Kuku wa Mama Mwende

Siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na mpaka leo naona aibu kuisimulia. Lakini keti, nitaisema.

Nilikuwa kijana hapa Tulia, nimesoma kidogo kwa wamisheni, nimevalishwa kaptura ya khaki, nikadhani busara nayo imekuja na kaptura. Zahanati ya serikali ilitibu kwa malipo, isipokuwa yule ambaye chifu amesema hana uwezo. Chifu akanituma nizunguke maboma nimtazamie nani anacho na nani hana.

Nikafika kwa Mama Mwende, mjane. Binti yake, Mwende, alikuwa na kidonda kibaya mguuni, amekifunika kwa majani. Mama yule alinipokea kama mkwe. Akafagia uwanja, akajifunga shuka safi, akachinja kuku, na firigisi, kipande cha mgeni wa heshima, akaniwekea mimi, kijana mdogo vile. Nikala mpaka nikalamba vidole. Sikumwuliza neno. Naye hakunililia shida. Kwetu mgeni hapokewi kwa malalamiko.

Nikamwambia chifu, "Yule mama ako na mali. Anachinja kuku siku ya kazi." Mwende alipopelekwa zahanati, akarudishwa nyumbani na kidonda chake.

Siku zikapita, nami bado najisifia mlo ule. Mama yake chifu, ajuza tuliyemwita Susu, akanisikia. Akaniuliza, "Wewe, hiyo kuku ulikula, uliona ingine hapo nje?"

Nikafikiri. "Hapana, Susu."

"Basi ulikula mali yake yote, halafu ukaenda kusema ako na mali."

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Chifu alipoambiwa alibadilisha neno lake papo hapo, nami nikakimbia kwenda kumbeba Mwende mwenyewe. Dawa alipata, lakini kidonda kilikuwa kimekwisha kula vidole, na alichechemea maisha yake yote. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Nilipofika pale bomani, kabla sijafungua kinywa, Mama Mwende alitoka, akainamisha macho, akasema, "Unisamehe, mwanangu. Leo sina kuku."

Wazee walisema nyumba njema si mlango. Kwa hiyo ukipewa kazi ya kupima nani asaidiwe, usimpime mtu kwa alivyokukaribisha. Maskini mwenye heshima zake atakupa cha mwisho alicho nacho, na atatabasamu akikupa. Keti naye kando, uliza kwa upole, ngoja jibu. Akisitasita, jua ni kuona haya, si uongo. Na ukigundua umekosea, rudi siku hiyo hiyo.

Nenda sasa. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, na asikufikishe kamwe mahali ambapo uliyemdhulumu ndiye anayekuomba radhi.