Sikio la Nyumba Yetu

Mwezi uliopita nilitoka Bwera, ninakoishi siku hizi, nikaenda Bulembia kuutazama mji wa mgodi nilikokulia. Sasa wanauita mji wa kihistoria, eti wageni wanakuja kupiga picha. Sidhani kama wageni hao wanatembea kwa magurudumu. Kutoka garini hadi ilipokuwa nyumba yetu, dereva alikisukuma kiti changu juu ya mawe ya mto huku akitweta, nami nikajifanya siumii. Nyumba yenyewe haipo. Kilichobaki ni njia ya zege aliyonijengea baba mlangoni ili kiti kipande. Inapanda taratibu, kisha inaishia hewani.

Baba alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, akapanga chumba katika kota za zamani za wachimbaji, akamleta bibi anilee maana mama alikuwa amefariki. Kiwanda kilikuwa mbali, kwa hiyo baba tulimwona mwisho wa wiki tu. Siku nyingine zote nilikuwa wa bibi, mihogo yake na samaki wake mkavu aliyeungwa kwa chumvi ya ziwani Katwe. Hadi leo nikisikia harufu ya samaki yule, njaa inanishika hata kama nimeshiba.

Kazi yangu ilikuwa kukaa barazani nichambue maharagwe na kuusikiliza mto Nyamwamba. Watu wa kota waliujua mto kwa mawe yake. Mvua ikinyesha milimani, mawe madogo huanza kugongana chini ya maji, na hapo tunaendelea kupika. Makubwa yakianza kunguruma, tunapanda shuleni. Bibi aliniita sikio la nyumba, nami nilijivuna kwelikweli, kwa kuwa kwa wengine nilikuwa mzigo tu. Nilipokua ndipo nilipoelewa hesabu yake: anayechelewa kuondoka ndiye anayepaswa kujua kwanza.

Siku ile ilikuwa mchana. Kwetu jua linawaka, lakini milima ilikuwa imefungwa na wingu jeusi. Nikayasikia yale makubwa, nikamwita bibi. Jirani yetu, mwanajeshi aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akaja mbio.

"Panda! Shika shingo! Kiti iache!"

Akanibeba mgongoni hadi shuleni. Bibi alitufuata na sufuria ya maharagwe ikiwa bado inatoa mvuke, maana kuyaacha hakutaka. Watu wote wa kota wakajaa uwanjani.

Kisha mto ukanyamaza. Watu wakanigeukia mimi, mtoto wa miaka tisa, kwa sababu masikio yangu yalikuwa na sifa. Bibi akaniinamia akauliza, "Mawe inasema nini?"

"Imenyamaza," nikajibu.

Ilikuwa kweli tupu. Watu wakashusha pumzi, wakaanza kurudi chini kufuata magodoro na kuku wao. Bibi akamkabidhi afande sufuria, akashuka kukifuata kiti changu. "Utakaa aje bila kiti?" alisema, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Mto haukuwa umetulia. Huko juu magogo na mawe yalikuwa yameuziba, na maji yalikuwa yakijaa nyuma yake. Yalipokibomoa kizuizi hicho, afande alinifunika uso kwa shati lake, kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia tu. Bibi walimpata siku ya tatu, lakini kiti hakikuonekana.

Wamenieleza mara nyingi kwamba sikukosea. Najua. Bado neno lile linaniuma.

Basi mwezi uliopita nimekaa juu ya zege la baba, na chini yangu, mtoni, mama mmoja anafua nguo, mtoto wake mgongoni. Milimani kulikuwa kumefunga. Mawe yalikuwa yakigongana tangu tulipofika, nami sikuyatia maanani hadi yalipoacha. Nikamwita yule mama, nikamwambia apande.

"Maji imetulia, mama," akasema, akiendelea kufua. "Hata mawe imenyamaza."

"Ndiyo maana nakuita. Bibi yangu alishuka hapo ulipo wakati imenyamaza. Hakupanda tena."

Akanitazama, akakitazama kiti, kisha akazitupa nguo mbichi kwenye beseni na kupanda. Dereva akashika mpini mmoja wa kiti, yule mama akashika mwingine, beseni kichwani, wakanisukuma kuelekea shuleni.

Njiani nilimwaza bibi na sufuria yake. Kota zimekwenda, baraza imekwenda, na hakuna tena mtoto anayewekwa nje na ungo wa maharagwe ausikilize mto. Siku hiyo sikio lilikuwa mimi peke yangu. Nyuma yetu bado kulikuwa kimya.